Bega la Kushoto

Mama alisema hawezi kuniacha niende dukani peke yangu na mwanamume, tena mpiga gitaa, tena kwenda kununua gitaa. Kwa hiyo Jumamosi ile tulikwenda watatu. Mimi nilitangulia. Mama alinifuata, mkoba wake ameukumbatia kifuani kana kwamba mtaa mzima ulikuwa wa vibaka. Nguzo alikuja nyuma yetu, mikono ameifunga mgongoni, akijitahidi kutembea kama mtu asiye na hatia.

Nina miaka thelathini na miwili. Nautaja umri wangu mapema ili usidhani kwamba nasindikizwa na mama kwa sababu mimi ni mtoto. Nilisindikizwa kwa sababu ya mdomo wangu. Wiki iliyotangulia Nguzo aliniuliza kama nitakubali kuolewa naye, nami nikamjibu, "Nitakwambia siku nitakayonunua gitaa la besi." Ningeishia hapo ingekuwa salama, lakini nilirudi nyumbani nikamsimulia Mama.

"Kwa nini siku hiyo?" Mama aliniuliza.

"Kwa sababu siku hiyo nitakuwa nimejua."

"Utakuwa umejua nini?"

Nilichokuwa najua ni kwamba kila nilicho nacho nilichaguliwa. Ushonaji nilichaguliwa na Mama nilipomaliza shule. Cherehani niliachiwa na shangazi yangu. Chumba cha kufanyia kazi nilitafutiwa na kaka. Sinung'uniki. Ushonaji naupenda, na cherehani ya shangazi haijawahi kuniangusha. Lakini besi niliitaka mwenyewe. Niliitaka tangu siku niliyokaa karibu na bendi kwenye harusi ya mteja wangu, nikagundua kwamba kinachonifanya nitikise mguu si mwimbaji wala ngoma, ni ule mlio mzito wa chini unaoushika wimbo mzima bila kujigamba. Ni kama mshono wa ndani. Hakuna anayeusifia, ila siku ukifumuka, nguo yote inakuaibisha. Hakuna aliyenishawishi. Hata Nguzo, anayeipiga besi yenyewe, alicheka nilipomwambia mara ya kwanza.

Basi nilitaka kuona mtu anayetaka kuishi na mimi atafanyaje siku nitakapochagua kitu kwa mkono wangu.

Mama alikuwa mkunga kabla hajastaafu. Amewaona waume wa kila namna wakisubiri kwenye korido, na kwa sababu hiyo hashangazwi na mwanamume yeyote. "Mwanangu," akasema, "mwanamume usimpime anapotoa. Anapotoa kila mtu ni mzuri. Mpime anapokataliwa."

"Kwa hiyo huna tatizo naye?"

"Ninalo! Mtu anarudi nyumbani wenzake wanaamka, hiyo kazi gani? Ukiumwa usiku, atakuletea dawa au atakuletea wimbo?"

Basi kwa maneno hayo tukaenda dukani.

Lilikuwa duka refu na jembamba, magitaa yametundikwa ukutani pande zote mbili mpaka mwisho. Lilinukia vanishi na vumbi. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, feni ndogo inampepea yeye peke yake. Alitukaribisha, akatuangalia mmoja mmoja, akaelewa mara moja kwamba hapa kuna kesi. Mama alitafuta kiti, hakukiona, akakaa juu ya sanduku kubwa jeusi lililokuwa kando ya ukuta. Lilikuwa spika. Hakuna aliyemwambia, na mimi sikuthubutu.

Nguzo alipoingia mle ndani alibadilika. Nje ni mtu mkimya. Jina la Nguzo alipewa na wenzake wa bendi, kwa kuwa wao wakiruka na kugaagaa jukwaani, yeye husimama nyuma karibu na ngoma, hatikisiki, kana kwamba akisogea paa litaanguka. Nilimpendea utulivu huo. Nilimpendea na macho yake pia, yale yanayomtulia mtu taratibu na kubaki hapo hapo, hata ukajikuta unatafuta kitu cha kufanya na mikono yako. Wanaume wa kurukaruka nimewashonea wengi, nawajua. Lakini mle dukani utulivu ulimtoka. Alikwenda moja kwa moja ukutani, bila kuuliza, akatoa gitaa moja la besi, refu, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nyuzi tano.

"Hili hapa," akasema. "Usihangaike na mengine. Nilikuja juzi nikalijaribu. Nimemwambia dada akuwekee."

"Ulikuja juzi?"

"Nilitaka usisumbuke, Fundi."

Fundi ndilo jina analoniitia. Siku nyingine zote linanipendeza.

Mama akakohoa. Mama hakohoi ovyo.

"Si nilikwambia nataka kuchagua?" nikamwambia Nguzo kwa sauti ya chini.

"Utachagua. Nimekupunguzia tu. Mengine haya ni takataka, usione yanang'aa." Akachomeka waya, akawasha spika, akapiga.

Mama alinyanyuka juu ya lile sanduku kama aliyekalia paka.

"Yesu na Maria! Kuna nini humu ndani?"

"Samahani mama," mwenye duka akasema, akizuia kicheko, "umekalia spika. Nikuletee kiti?"

"Huko nyuma kiti kipo, na muda wote huu nimekaa juu ya radi?" Lakini kiti kilipoletwa alikikataa. Alijikung'uta gauni, akakaa pale pale, kwa maana Mama hapendi kuonekana ameshindwa na kitu.

Nguzo hakusikia lolote katika hayo. Alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilikwenda na kurudi juu ya nyuzi, na mlio ukajaa dukani, mzito, laini, unaopita sakafuni na kunipandia miguuni. Sitakudanganya. Nilimtamani pale pale, mbele ya mama yangu mzazi. Nilitamani kuwa chochote kilichokuwa mikononi mwake. Angenioa dakika ile ningekwenda bila viatu.

Halafu alifumbua macho, akanivalisha lile gitaa, na akili zikanirudia.

Kwanza lilikuwa zito. Mkanda ulinikata begani kama kamba ya ndoo. Pili, nilipoiachia tu ile shingo, ilianza kuinama yenyewe kuelekea chini, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikaidaka. Nikaiachia tena. Ikainama tena.

"Linaanguka," nikasema.

"Haliangukii popote. Lishike shingo kwa mkono wa kushoto."

"Nikilishika ili lisianguke, nyuzi nitazibonyeza na mkono wa nani?"

"Utazoea."

Neno hilo mimi nalichukia. Katika kazi yangu ni neno la kushindwa. Mteja akivaa gauni akasema kwapani panambana, fundi mbovu atamwambia utazoea. Na mteja hazoei. Analivaa mara moja kwa aibu, halafu nguo inakwenda kulala sandukuni mpaka panya waijue. Mimi mteja wangu nampimisha akiwa amesimama, nampimisha ameketi, namwambia anyanyue mikono kama anaanika nguo, namwambia ainame kama anaokota mtoto. Ndipo namruhusu aondoke nayo.

"Ngoja," nikasema.

Nikaketi nalo. Nikasimama nalo. Nikanyanyua mikono yote miwili, shingo ikashuka hadi gotini. Nikainama kuokota mtoto wa kufikirika, kichwa cha gitaa kikagonga sahani ya ngoma iliyokuwa pembeni. *Kraaang!*

"Unafanya nini?" Nguzo aliuliza, akimtazama mwenye duka kwa haya.

"Najipimisha."

"Besi haipimwi hivyo."

"Inapimwaje?"

"Inasikilizwa! Sauti, Fundi. Sauti ndiyo kitu."

"Sauti ya kwako nimeisikia, ni nzuri mno. Yangu ndiyo sijaisikia." Nikalivua gitaa lake, nikamrudishia mikononi. "Dada, naomba unishushie yale mengine."

Mwenye duka alisimama kwa furaha ambayo haikuhusiana na biashara. Alinishushia la bluu, limechorwa maua, zuri kupindukia. Nililitaka kwa macho kabla sijaligusa. Lakini nyuzi zake zilikaa juu mno, mbali na shingo, na nilipozibonyeza vidole vikaniuma kama niliyesahau kuvaa kastabini, kile kikofia cha kidole cha mshonaji. Nikaupitia uzi mmoja kidole kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, na mahali pawili ukatoa mkwaruzo wa nzi aliyenaswa kwenye karatasi. Nikalirudisha. Vitambaa vya namna hiyo navijua. Vinakuita ukiwa mlangoni, na ukivifua mara moja vinachuja.

Nikajaribu jingine, pana shingoni, mkono wangu ukashindwa kulizunguka. Nikajaribu jeusi, zito kuliko la Nguzo.

Nguzo alikuwa ameegemea ukuta, lile la rangi ya chai bado mikononi mwake. "Nilikwambia ni takataka," akasema.

"Na lile pale?"

Lilikuwa pembeni kabisa, limesimama sakafuni nyuma ya vinanda. Kijani cha chupa, kilichopauka kidogo, na mgongoni lilikuwa na mkwaruzo wa mtu aliyelipiga akiwa amevaa mkanda wa suruali wenye chuma. Shingo yake ilikuwa fupi kuliko za wenzake.

"Hilo limetumika," mwenye duka akasema, "ila nimelibadilisha nyuzi wiki hii. Lina shingo fupi. Watu hulidharau."

Nililiketisha mapajani. Nikasimama nalo, nikaiachia shingo. Ikabaki pale pale nilipoiacha. Nikanyanyua mikono, ikabaki. Nikainama kuokota mtoto wangu, likainama nami na kunyanyuka nami. Nikatembeza vidole toka mwanzo wa shingo hadi mwisho, kila uzi, kila kijiti cha chuma cha shingoni, na kila mahali mlio ulitoka safi. Nyuzi nne. Kidole changu cha mwisho, kile kidogo ambacho kazi yake siku zote ni kushikilia kitambaa kisiteleze, kilifika bila kunyooshwa kwa nguvu.

"Naomba nilitoe mlangoni," nikasema.

"Mlangoni kufanya nini?" Nguzo aliuliza.

"Nilione kwenye mwanga. Sinunui kitu chini ya taa ya dukani."

Nililitoa, nikalikagua juani upande huu na upande ule, shingo imenyooka, hakuna ufa. Nikarudi. Mwenye duka akachomeka waya. Sikujua kupiga chochote, kwa hiyo nilipiga uzi mmoja tu, ule mnene. Nikauacha ulie mpaka uishe.

Mlio ulinipita tumboni ukakaa. Nikaupiga tena. Nilijisikia kucheka na kulia kwa pamoja, na nikaona haya kwa sababu ni uzi mmoja tu, mtoto yeyote angeupiga. Nilimtazama Mama. Safari hii hakuruka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya spika, anausikiliza kwa mkono, vile alivyokuwa akisikiliza matumbo ya wajawazito.

"Ni hili," nikasema.

Nguzo akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Fundi. Hilo ni la watoto."

"La watoto kivipi?"

"Shingo fupi ni ya watoto wa shule wanaoanza kujifunza."

"Na mimi naanza kujifunza."

"Ndiyo, lakini baada ya muda utalichoka. Halina kina. Ukishakua kidogo kimuziki utanilaumu mimi, utasema kwa nini hukuniambia."

"Nikishakua?"

Mama akakohoa tena, mara mbili.

"Nisikilize," Nguzo akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na ukali ambao sikuwahi kuusikia. "Kazi hii naifanya tangu sijaota ndevu. Wenzangu watakuja kukuona nalo, watasema nini? Watasema Nguzo mzima ameshindwa kumchagulia mchumba wake gitaa."

"Na watakuwa wamesema kweli. Hukunichagulia. Nani alikutuma unichagulie?"

"Nakusaidia!"

"Sijakuomba. Nilikuomba unisindikize."

"Kuna tofauti gani?"

Kama kuna neno moja alilolisema siku ile ambalo lingenirudisha nyumbani na jibu la hapana, ni hilo. Nililishusha lile gitaa la kijani taratibu, nikaliegemeza kwa Mama. Nikamshika Nguzo mkono, nikampeleka mbele ya kabati la vioo lililokuwa na filimbi ndani. 

"Jiangalie."

"Nijiangalie nini?"

"Mabega."

"Yana nini?"

"La kushoto limeshuka."

"Halijashuka." Alijitazama. "Halijashuka, mbona yako sawa."

"Yako sawa kwa sababu nimeyasawazisha mimi. Kila shati nililokushonea, bega la kushoto nimetia vipande vya kitambaa kizito kwa ndani. La kulia halina kitu. Siku ya kwanza ulipokuja nikakupima mara mbili, nikadhani tepu imeteleza. Nikakupima mara ya tatu, nikaona si tepu, ni wewe. Gitaa hilo ulilolishika, na mengine kama hilo, yamekuvuta mpaka mwili umekubali. Na sasa unataka na mimi nizoee."

Alijigeuza upande, akajitazama tena kwenye kioo.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Ulikuwa mteja. Mteja haambiwi mwili wake umekosea, anashonewa nguo imkae. Halafu baadaye ukawa si mteja tena. Ukawa wewe. Nikaona nitakuumiza."

"Umechagua kuniumiza leo, hapa, mbele ya watu."

"Leo umenilazimisha."

Alilirudisha lile gitaa la rangi ya chai ukutani. Alilitundika kwa uangalifu, hata katika hasira zake, na mimi nikaona kwamba bega lile la kushoto lilitangulia kushuka kabla ya mkono. "Basi nunua," akasema bila kunitazama. "Jifundishe mwenyewe." Mlango ukafunguka, ukajifunga.

Kuna watu husema moyo ulipasuka. Wangu haukupasuka. Ulisimama tu, kama cherehani uzi unapokatika chini na wewe unaendelea kukanyaga, sindano inashona hewa. Nilitaka kumkimbilia. Miguu ilikuwa imeshaanza. Kila nilichompendea kilinijia kwa mpigo: kicheko chake cha puani, namna anavyoniletea vishikizo alivyoviokota njiani akidhani nitavihitaji, na vile anavyoninyamazia nikiwa na kazi nyingi, akikaa kwenye kigoda bila kutaka kuburudishwa.

"Unalia?" Mama aliuliza.

"Silii."

"Ukitaka arudi, unajua la kufanya. Yuko nje hapo, hajafika mbali. Chukua lile refu, mpe ushindi wake, yaishe." Alisema bila kejeli. Alikuwa ananipa njia, kama anavyompa mgonjwa dawa mbili achague.

Nililitazama lile refu. Lilikuwa zuri kweli, sitalisingizia. Nikajiona nyumbani kwetu, mimi na Nguzo, limesimama ukutani halina mpigaji, vumbi limelikaa, na mimi nikimwambia kila jioni kwamba leo nimechoka, nitalipiga kesho. Nikajiona nimezoea. Nikaona hata namna nitakavyokuwa nacheka nikilieleza jambo hilo kwa wageni.

"Dada," nikamwambia mwenye duka, "nifungie la kijani."

"Una hakika?"

"Ninayo. Na mkanda mpana, ule wa pale. Huo mwembamba utanikata."

Alinifungia kwenye mfuko wake mweusi, akaniwekea na waya. Nilipokuwa nalipa alininong'oneza, "Wengi huja na waume zao, mume anachagua. Baada ya muda naletewa gitaa nilinunue tena, jipya kabisa, hata alama ya kidole halina." Nililivaa mgongoni, nikainua kichwa, nikatoka.

Nguzo hakuwa amekwenda. Alikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya kioo cha duka la viatu, ametupa mgongo. Nilidhani anaangalia viatu. Tulipovuka na kumkaribia niliona kwamba amefungua vishikizo viwili vya juu na ameingiza mkono wa kulia ndani ya shati, begani, anapapasa. Alinyanyua bega, akaliachia. Akalinyanyua tena, akaliachia.

"Kweli, kuna vipande viwili humu," akasema, akinitazama kwenye kioo.

"Shati la leo lina vitatu," nikamwambia. "Bega limeshuka zaidi mwaka huu."

Alifumba macho. Mama, kwa adabu ambayo sikujua kama anayo, akaenda kuangalia viatu vya upande wa pili.

"Gitaa langu la kwanza nilipewa na mwalimu wangu," Nguzo akasema. "Lilikuwa la kwake. Nilimwambia, mwalimu, linanivuta. Akaniambia utazoea. Nilijivunia, unajua? Nilidhani kuumia ndiyo kujifunza kwenyewe." Akatoa mkono ndani ya shati. "Na leo nimekuja kukwambia maneno yale yale, tena kwa kujiamini."

"Ulifanya kwa mapenzi."

"Ndiyo maana naogopa. Ningefanya kwa ubaya ningejikamata." Alinigeukia. Macho yale yakanitulia tena, lakini safari hii hayakuwa na utulivu, yalikuwa yanauliza. "Nisamehe, Fundi. Kusindikiza na kuchagulia ni vitu viwili. Nimekaa hapa nikaliona."

Nilitamani kumkumbatia pale pale. Sikumkumbatia. Nilikuwa bado nampima, na sioni haya kusema hivyo. Maneno ya samahani nimeyasikia kwa wateja wengi wanaochelewa kuchukua nguo zao.

"Lina sauti gani?" akauliza. "Sikulisikiliza. Nilikuwa nimeshaamua."

"Utalisikia nikijua kulipiga."

"Nikufundishe?"

"Nikikwama nitakuuliza."

"Na usipokwama?"

"Nitakuita usikilize."

Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaona mfuko mgongoni mwangu, akaona nilivyoukaza mkanda, na mkono wake ukanyooka wenyewe kuupokea, kama ambavyo mkono wa mwanamume yeyote aliyelelewa vizuri ungefanya. Ulifika nusu ya njia ukasimama.

"Nikubebee?"

"Hapana."

Nilimkazia macho. Nilimwangalia vile ninavyomwangalia mteja anapovaa nguo kwa mara ya kwanza, maana kinywa kinaweza kusifia wakati uso unalalamika. Nilitafuta mkunjo wowote, mdomoni, kwenye paji la uso. Hakukuwa na mkunjo. Aliurudisha mkono wake, akautia mfukoni, akapunguza mwendo hadi ukawa sawa na wangu. Tukatembea hivyo, Mama nyuma yetu, gitaa likinigonga kiunoni kila hatua, na yeye hakusema lifunge juu, wala hakusema lifunge chini. Najua alijua. Niliona midomo ikimcheza.

Nililifunga juu mwenyewe, likaacha kunigonga.

Tulipofika njia panda, tukaanza kuvuka, na katikati ya barabara nikamwambia, maana kama ningengoja ng'ambo ningeanza kufikiri.

"Gitaa nitalibeba mwenyewe. Lakini kuolewa, nitaolewa na wewe."

Nguzo alisimama. Alisimama pale pale, katikati ya barabara, kama anavyosimama jukwaani, hatikisiki, mdomo wazi. Gari likapiga honi. La nyuma yake likapiga. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nguzo hakusogea, wala mimi sikuwa na nguvu ya kumsogeza, kwa kicheko na kwa machozi.

Ni Mama aliyepita kati yetu, akamkamata shati begani, lile lile la kushoto, akamvuta mpaka pembeni.

"Toka barabarani, baba," akamwambia. "Mkwe mwenyewe ndiyo kwanza nimempata."